Msalimie Struan

Kila Ijumaa gazeti lilitoa namba za viongozi wa vyama, na kila Ijumaa Rhona Kinnear alilinunua, akalibana kwapani bila kulifungua, akaenda kulisomea chooni kwenye ofisi ya chama, mlango kaufunga kwa komeo. Hakuwa mtu wa kujificha. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini kasoro, mrefu, mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, na Inverkell nzima ilimjua kwa sauti hiyo. Lakini namba zile zilimhusu mdogo wake, tumbo moja ziwa moja, na kuna mambo mtu hayasomi mbele za watu.

Namba zenyewe ni hesabu ya kitoto. Watu wanaulizwa: fulani anafanya kazi vizuri au vibaya? Wanachukuliwa waliosema vizuri, wanatolewa waliosema vibaya, na kinachobaki ndiyo heshima yako kwa wiki hiyo. Miaka miwili nyuma Struan Kinnear, kiongozi wa Chama cha Mbigili, alikuwa juu ya viongozi wote wa Uskoti. Wanawake walimsimamisha mjini Perth wapige naye picha. Wakubwa wa chama wakalewa sifa ambazo hata hazikuwa zao, wakapitisha kwamba kwenye karatasi ya pili ya kura, ile ambayo mtu huchagua chama badala ya mgombea, jina la chama lisikae peke yake. Liandikwe: Chama cha Mbigili, Struan Kinnear awe Waziri Kiongozi. Sheria inaruhusu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hawa walitia pipa zima.

Sasa ilikuwa Machi, uchaguzi ni Mei, na Struan alikuwa chini ya sifuri. Alikuwa chini ya kila kiongozi, chini hata ya yule wa kile chama ambacho watu hawana hakika kama bado kipo.

Sababu ilikuwa wodi ya wazazi. Struan alisimama jukwaani hapo hapo Inverkell, mji aliozaliwa, akaapa kwamba wodi ile ikifungwa watamkuta mlangoni kajifunga minyororo. Mwaka uliofuata serikali ikahitaji kura za chama chake ili bajeti ipite. Akaahidiwa reli huku na shule kule, akainua mkono. Kufungwa kwa wodi kulikuwa humo humo ndani ya bajeti. Minyororo hakuna aliyeiona.

Basi wagombea wenzake wakaanza kumkimbia. Kwenye vipeperushi vyao walikata picha yake, wengine wakaikata vibaya ikabaki mkono wake begani mwao, mkono usio na mtu. Alipoomba kwenda Dundee kuwapigia debe, alijibiwa kwamba ratiba imejaa. Akapelekwa shambani kunyonyesha wanakondoo kwa chupa mbele ya kamera.

"Kondoo hawapigi kura, dada," alimwambia Rhona kwenye simu jioni hiyo. "Na hata hao, mmoja kanigeuzia makalio. Umeona ile picha?"

"Nimeiona. Umekonda."

"Niambie nyumbani kukoje."

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kila siku, na Rhona ndiye aliyekuwa na jibu, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akizunguka nyumba kwa nyumba Inverkell, ambako Struan alikuwa akigombea kiti. Chama kilimchagua yeye kwa sababu anajulikana kila mlango. Anabisha, anauliza, anaweka alama: wetu, si wetu, hajaamua. Na Inverkell ilikuwa imejaa wetu. Kila mlango ulifunguka kwa tabasamu. Karibu Rhona, mvua hii itakuua. Mama yako alikuwa mtu, hatumsahau. Struan hajambo? Msalimie Struan. Bi Netta Ogilvie, mjane wa mtaa wa juu aliyekuwa akiwalea wakiwa wadogo, hakumwachia aondoke bila mfuko wa bridi, zile pai za nyama anazozikunja mwenyewe kwa vidole. "Hizi za Struan," alisema kila mara. "Mwambie ale."

"Nyumbani wako na wewe," Rhona alimjibu mdogo wake. "Mlango kwa mlango."

Akamsikia akivuta pumzi upande wa pili. Mkewe alikuwa ameshaondoka, marafiki walikuwa na ratiba zilizojaa, na kwenye magazeti jina lake lilikuwa kichekesho. Inverkell ndiyo iliyombakiza amesimama.

Kisha wakubwa wa chama wakamwita Edinburgh wakamwambia kwa upole, upole ule wa daktari mwenye habari mbaya, kwamba majina ya wagombea yanafungwa Jumatano saa kumi alasiri. Akijiuzulu kabla ya hapo, naibu wake, Elspeth Farquhar, atashika uongozi, na karatasi ya kura itabeba jina la chama tu. Viti vichache vinaweza kuokoka. Naye ataondoka kwa miguu yake, watu watasema alijua muda wake. Baada ya saa kumi, jina limeganda.

Struan aliomba muda. Akampigia Rhona.

"Nimewaambia hivi. Nchi nzima inaweza kunichukia, hiyo ni siasa. Lakini kama Inverkell wamenikataa, naondoka siku hiyo hiyo, sihitaji kuambiwa mara mbili. Kama wako nami, nabaki nipigane. Nakutegemea wewe, dada. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Lini nimekupaka mafuta mimi?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Sasa kuna jambo la Inverkell ambalo lazima lisemwe, na ambalo Rhona alilijua tangu anaota meno. Mjini kule mtu hakashifiwi mbele ya damu yake. Wanaweza kumsema mtu sokoni mpaka masikio yamwashe, lakini akitokea dada yake, mazungumzo yanageuka kuwa ya mvua. Rhona mwenyewe aliwahi kumsifia mchungaji mlevi mbele ya mkewe, akamsifu kwa mahubiri ambayo mzee wa watu aliyatoa huku kashikilia mimbari asianguke. Ni adabu, kila mtu anayo. Na bado akapita milango yote ya mji akiuliza watu juu ya mdogo wake, akakusanya adabu zao, akaziita kura. Nyani haoni kundule.

Jumanne ukungu wa baharini uliingia mjini pamoja na mvua ya upande. Rhona alivaa koti la marehemu baba yake lenye kofia kubwa, akajifunga skafu hadi puani, akaenda kumalizia nyumba mpya za mwisho wa mji, wanakokaa watu wa kuja. Kwenye mlango wa bluu alifungua mwanamke kijana, mtoto kamkalia kiunoni.

"Natoka Chama cha Mbigili, mama. Naomba dakika moja tu."

Yule mwanamke alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. Hakumjua.

"Wa yule Kinnear?"

"Ndiyo."

"Una bahati nimembeba mtoto, ningekumwagia maji." Hakupandisha sauti. "Unamwona huyu? Huyu kazaliwa kando ya barabara ya Dundee, Januari, theluji imefika hapa. Mume wangu kaonyeshwa la kufanya kwenye simu, na simu ikazimika. Mimi namshika kichwa mwanangu kwa mkono wangu, gizani, nauliza kama anapumua. Na wakati huo huo wodi iko mtaa wa pili hapo, na taa zimezimwa. Yule bwana alisema atajifunga minyororo, siyo? Kamwambie aje, nitamletea mimi."

Rhona alishusha karatasi yake ya alama.

"Wala usidhani ni mimi peke yangu. Mtaa mzima huu. Mji mzima! Muulize yeyote. Hata wale vikongwe wa mtaa wa juu wanasema heri wakate mkono kuliko kumpa kura. Wanamwonea huruma dada yake tu. Wanasema dada yake ni mtu mwema, anapita kwenye mvua na hajui."

Mlango ukafungwa taratibu, labda kwa ajili ya mtoto.

Rhona alipanda mtaa wa juu, akabisha kwa Bi Netta. Alivua kofia. Kikongwe akatabasamu, akafungua mlango wote.

"Karibu mwanangu, umelowa kama paka."

"Bi Netta, nitauliza mara moja tu. Mei utampigia Struan?"

Tabasamu halikuondoka, ila lilikaa pale usoni likiwa halina kazi. Bi Netta aligeuka, akaenda jikoni kwa mwendo wake wa magoti mabovu, akarudi na mfuko wa karatasi uliokwisha kupata madoa ya mafuta.

"Chukua bridi, mwanangu," alisema. "Zingali za moto."

Kwenye ofisi ya chama alimkuta Dougal Petrie, mwenyekiti wa tawi, dereva wa basi mstaafu, akipanga vipeperushi ambavyo hakuna aliyevitaka. Rhona alitupa mfuko mezani.

"Dougal, ulijua?"

Dougal aliangalia mfuko, akaangalia uso wake, akaelewa.

"Mji mzima unajua, Rhona."

"Na wewe unaniangalia miezi miwili naandika wetu, wetu, wetu?"

"Sasa ningekwambiaje?" Dougal alikuwa karibu kulia, mwanamume mzima na masharubu yake. "Wewe ni dada yake!"

Usiku ule Rhona hakulala. Alipanga maneno, akayapangua. Nitamwambia asubuhi, akasema moyoni, ana kwa ana, si kwa simu. Mficha uchi hazai. Atajiuzulu, atalia kidogo, atakuja kukaa kwangu chumba cha nyuma, tutaotesha viazi. Kufikia alfajiri alikuwa karibu anaitamani hiyo siku.

Struan alifika Jumatano saa nne asubuhi kwa gari lake mwenyewe, bila dereva, bila wasaidizi. Shati lilimpwaya shingoni kama la kuazima. Aliketi kwenye meza ya jikoni mahali alipokaa tangu akiwa mvulana, mgongo ukutani, akautazama ule mfuko.

"Hizi za Bi Netta?"

"Za jana. Zimepoa."

"Nizipashie."

Akala. Rhona alisimama karibu na jiko akamtazama akila, moja, kisha ya pili, makombo kidevuni, na hakukumbuka mara ya mwisho kumwona akila mpaka akashiba. Rangi ilianza kumrudi. Alianza hata kuongea: atakavyozunguka, atakavyoanzia hapa nyumbani siku ya kwanza ya kampeni, atakavyosimama mbele ya wodi ile ile akaomba radhi kwa mdomo wake.

"Wataniwekea kinyongo kwingine," alisema. "Lakini hapa wananijua. Mtu akikujua anaweza kukusamehe, siyo, dada?"

"Struan."

"Nakusikiliza."

Alikuwa ameinua uso. Ulikuwa uso wa mvulana aliyeleta ripoti ya shule akingoja kuambiwa amefaulu, na Rhona, aliyempakata akiwa na siku mbili, aliyempigania uwanjani, aliyewahi kumvunja jino mtoto wa mwenye baa kwa ajili yake, alifungua kinywa aseme. Maneno yalikuwepo. Yalikuwa yamepangwa tangu usiku.

"Nyumbani je?" Struan aliuliza. "Niambie, niwapigie Edinburgh."

"Wanakusalimia," Rhona alisema. "Kila mlango. Wanasema msalimie Struan."

Ilikuwa kweli tupu, na alijua palepale kwamba amemfanyia kile ambacho mji umemfanyia yeye. Struan alifumba macho. Alitoa simu, akaenda kuongelea bustanini, na kupitia dirishani Rhona alimwona akitembea huku na huku, akitikisa kichwa, hapana, hapana, nabaki. Bado kulikuwa na muda. Angeweza kutoka nje. Angeweza kugonga kioo. Aliosha sahani, akaosha ya pili, akaosha na zile zilizokuwa safi. Saa kumi ilimkuta anafuta sinki kavu.

Kampeni ilikuwa mazishi marefu. Mbele ya wodi Struan aliomba radhi kwa watu kumi na mbwa mmoja, wakamsikiliza wametulia, kwa sababu Rhona alikuwa amesimama kando yake. Wakamshika mkono. Usiku aliandikiwa maneno mtandaoni ambayo mtu hawezi kumsomea mtu mwingine. Kila Ijumaa gazeti lilimteremsha ngazi nyingine. Yeye akawa anasema namba hizo hazijui kuhesabu Inverkell, na Rhona akawa anaitikia.

Kura zilihesabiwa Ijumaa mchana kwenye ukumbi wa michezo, meza zimepangwa juu ya mistari ya uwanja wa badminton. Haikuchukua muda kuona. Marundo ya Chama cha Mbigili yalikuwa mafupi, na redio ya Dougal ilinong'ona yale yale kutoka kila pembe ya nchi. Huko Aberdeen Elspeth Farquhar ameangushwa. Kabla ya saa tisa chama hakikuwa na kiti hata kimoja, na waandishi walikuwa wakisema sababu kwa maneno matatu: jina kwenye karatasi.

Lakini kuna desturi moja ya kuhesabu kura ambayo haimruki mtu. Karatasi zenye utata hukusanywa, na msimamizi wa uchaguzi huwaita wagombea na mawakala wao wazunguke meza, waonyeshwe moja moja, wasikie hukumu yake. Haijalishi umeshindwa kwa kura moja au elfu kumi, unasimama pale unatazama. Struan alisimama. Rhona, wakala wake, alisimama kulia kwake.

Nyingi zilikuwa za kawaida: matusi, katuni, mtu kawapigia wote. Kisha likaja rundo la karatasi za pili, za chama. Msimamizi, mwanamke mwenye miwani ya kamba, aliinua ya kwanza. Jina la Struan Kinnear lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja wa penseli. Alama ya kura haikuwepo. Kando yake, kwa mwandiko wa duara wa watu waliosoma zamani, paliandikwa: Pole, Rhona.

"Hakuna alama," alisema msimamizi bila kuinua macho. "Imekataliwa."

Akainua nyingine. Jina limekatwa. Rhona mpenzi, nimejaribu, siwezi.

"Imekataliwa."

Na nyingine. Tusamehe, Rhona. Na nyingine, penseli imetetemeka, mkono wa kikongwe: Sikutaka kukuumiza, mwanangu. Wagombea wa vyama vingine waliacha kutazama karatasi wakatazama viatu vyao. Ziliendelea kuja. Msimamizi alikuwa akishusha sauti kila mara, imekataliwa, imekataliwa, hadi neno likawa kama anaongea peke yake. Watu wale walikuwa wametembea hadi kituoni kwenye mvua, wakachukua karatasi, na ndani ya kile kibanda, mahali pekee mjini ambapo hakuna dada wa mtu, bado walimwona Rhona amesimama.

Karatasi ya mwisho ilipowekwa chini, Struan alimgeukia dada yake.

"Walikuwa wanakuambia wewe," alisema polepole. "Siyo mimi. Milango yote ile walikuwa wanaongea na wewe."

"Ndiyo."

"Ulijua?"

Hakuwa na adabu tena ya kumfunikia. "Nilijua."

"Lini?"

"Jumanne ile. Kabla hujaja."

Struan alitazama saa ya ukutani, kana kwamba ingeweza kuwa bado Jumatano, bado asubuhi. "Nilikula," alisema. "Unaniangalia nakula."

"Struan, mdogo wangu, nilitaka..."

"Ungeniacha niondoke kwa miguu yangu, dada. Hilo tu. Sikuomba kingine."

Jina lake liliitwa. Wagombea hupanda jukwaani wakasimama mstari mmoja, matokeo yanasomwa, na aliyeshindwa hutabasamu pamoja na aliyeshinda, maana asiyekubali kushindwa si mshindani. Struan alifunga kifungo cha koti. "Usinipigie makofi," alisema, akaenda.

Namba yake iliposomwa, mtu mmoja akaanza kupiga makofi, na mwingine, na wote wakafuata, hata wa vyama vingine, makofi ya adabu, ya taratibu, na waliokuwa wakipiga walikuwa wakimtazama Rhona. Yeye alishikilia mikono yake nyuma hadi vidole vikamuuma. Alimwona Struan akishuka, akipita nyuma ya pazia, akisukuma mlango wa dharura. Rhona alipofika nje, gari lilikuwa limeshatoka. Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena.

Watu walianza kutoka ukumbini wakivaa makoti. Bi Netta alikuwa ameletwa na jirani, kaegemea fimbo, macho mekundu. Alimshika Rhona mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole, mwanangu. Pole sana." Akatazama kuzunguka uwanja wa magari, kisha akatazama simu iliyokuwa ikiita mkononi mwa Rhona. "Msalimie Struan."

"Salamu zitafika, Bi Netta," alisema Rhona.